Kinywa cha Askofu

Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu Nyamburi alisimama upande wa kushoto wa Askofu Stanslaus, hatua moja nyuma, kipaza sauti mkononi, akiyageuza maneno yake kuwa Kizanaki. Askofu akisema "mimi nawaambia", naye alisema "mimi nawaambia". Askofu akitokwa machozi, naye sauti ilimlegea. Watu wa vijiji vya Butiama walimzoea hata wazee wengine wakawa wanamwita Baba Askofu kwa utani, kwa kuwa yule mwanamume mwenye joho la zambarau walikuwa wakimtazama tu, lakini waliyekuwa wakimsikia ni mama huyu.

Si kwamba hawakijui Kiswahili. Wanakijua, wanauzia nacho mihogo mnadani na wanajibizana nacho ofisi ya kata. Ila Keraryo, mdogo wake Nyamburi, aliwahi kumwambia, "Dada, cha mnadani kinaishia mnadani. Mungu akiongea na mimi nataka aongee kama mama alivyokuwaga anaongea."

Nyamburi alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, akiishi Nyasho mjini Musoma katika nyumba aliyoijenga kwa kiinua mgongo. Kwa ukalimani huo hakulipwa, na hakuwahi kudai. Alikuwa na sababu yake.

Zamani, Stanslaus akiwa mchungaji kijana wa usharika mdogo kule Bunda, diwani mmoja alimnyang'anya mjane shamba la pamba. Jumapili Stanslaus alipanda mimbarani, diwani mwenyewe amekaa benchi la mbele, akamtaja kwa jina mbele ya mke wake na watoto wake. Jumatatu akawekwa ndani. Alikaa siku tatu. Nyamburi wakati huo alikuwa akifundisha Bunda, na kila asubuhi kabla ya kengele ya shule alimpelekea chupa ya uji. Siku ya pili alimwuliza kama anajuta. "Mwalimu," Stanslaus alijibu, "ningenyamaza ningejuta zaidi." Mwaka huo Nyamburi alikuwa ametoka kumzika mume, na mambo ya kanisa yalikuwa yamemtoka moyoni. Neno lile moja ndilo lililomrudisha.

Miaka ikaenda. Kijana wa Bunda akawa Askofu wa Kanisa la Agano la Neema, makao yake Musoma. Akaingizwa kwenye kamati ya amani. Sikukuu za kitaifa alikaa jukwaa kuu, akifungua kwa sala na kufunga kwa sala, na akisafiri hupewa gari la kumtangulia. Nyamburi aliona yote hayo akafurahi. Alijisemea kwamba hatimaye mtu wao mmoja amefika pale maneno yanapoamuliwa. Kama mahubiri yake yalikuwa yamepoa, yamekuwa ya ulevi, umbea na vijana na simu zao, aliona ni umri. Nani hapoi?

Ndipo likaja suala la Nyamigeru.

Nyamigeru ni kijiji alichozaliwa Nyamburi, nyuma ya Buhemba, mahali ambapo ukichimba choo unaweza kukutana na dhahabu. Kampuni ilikuwa imepima eneo, na kaya sitini na mbili zilitakiwa kuhama. Fidia ilikuwa imetajwa, kiwanja kingine kimeoneshwa, huko kwenye mawe ambako hata mtama unaona haya kuota. Watu waligoma. Keraryo alikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa kaburi la mama yao liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Siku ya kusaini fomu za kukubali kuhama ilipangwa Jumatatu, na Jumapili yake ikatangazwa ibada ya maombi hapohapo kijijini, mhubiri akiwa Askofu Stanslaus.

Ijumaa Askofu alimpigia Nyamburi simu. Kwa kawaida alimtumia mahubiri mapema, yamechapwa, ili mwalimu apate muda wa kutafuta maneno. Safari hii alimtajia somo tu: Wafalme wa Kwanza, sura ya ishirini na moja.

Nyamburi aliishika simu kwa mikono miwili. Hiyo ni sura ya Nabothi, maskini aliyekuwa na shamba la mizabibu kando ya jumba la Mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake, na Malkia Yezebeli akatafuta mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe mpaka kufa.

"Umechagua hiyo, Baba Askofu?"

"Hiyohiyo, mwalimu. Jiandae."

Alipokata simu, akampigia Keraryo. "Waambie watu waje wote," alimwambia. "Wagonjwa wabebwe. Stanslaus wa Bunda amerudi."

Jumapili waliondoka Musoma asubuhi, wakapita Makutano, wakakata kuelekea Butiama. Katika gari walikuwa watu wanne: dereva, Askofu, Nyamburi, na katibu wa Askofu, kijana mtanashati aitwaye Gody, aliyekuwa akijibu simu moja huku nyingine inaita. Askofu alikuwa kimya. Nyamburi alidhani anaomba, asimsumbue.

Watu walikuwa wamejaa Nyamigeru kuliko alivyowahi kuona hata kwenye msiba. Kanisa halikutosha, wakahamia nje, chini ya maturubai. Bibi Wankyo, mwenye miaka themanini na kitu, asiyetoka ndani tangu masika, alikuwa ameletwa kwa pikipiki, amefungwa kanga kiunoni asidondoke. Viongozi wa serikali walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na pembeni yao watu wawili wa kampuni. Keraryo alikuwa katikati ya wanaume, ameketi wima, na alipomwona dada yake alimpa ishara ndogo ya kichwa. Ilikuwa ishara ya mtu anayesema: nimekuletea wote.

Askofu akafungua Biblia. Alisoma mstari ule mfalme anapoliomba shamba, na ule anapoahidi shamba jingine lililo bora, au fedha kama mwenyewe anapendelea. Nyamburi akageuza. Askofu akasoma Nabothi alivyokataa. Nyamburi akageuza, kifua kikimpanda kwa hamu. Askofu akafunga kitabu.

Nyamburi alimtupia jicho, akidhani amekosea ukurasa.

"Wapendwa," Askofu alisema, "mfalme huyu hakuja na upanga. Alikuja na mazungumzo."

Nyamburi akageuza.

"Alitoa shamba lililo bora zaidi. Alitoa na fedha. Nani kati yenu amewahi kupewa nafasi ya kuchagua namna hiyo?"

Akageuza, polepole sasa, akisubiri mahali neno litakapopinda.

"Lakini Nabothi alikuwa mkaidi. Alisema, urithi wa baba zangu. Tazameni moyo wake. Mungu yuko mbele yake na baraka mkononi, yeye anatazama nyuma, kwenye makaburi. Ndugu zangu, kung'ang'ania makaburi ni kuabudu mizimu."

Neno lilifika kinywani mwa Nyamburi kabla hajajua linakwenda wapi. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imeufundisha ulimi wake kutomngoja. Alijisikia akisema kwa Kizanaki, kwa sauti yake ileile ambayo watu waliiamini, kwamba kulinda kaburi la mama ni kuabudu mizimu. Aliona neno likitua usoni kwa Keraryo. Mdogo wake hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtoto aliyechapwa kofi na mtu aliyekuwa akimlisha.

"Na shida yote iliyompata Nabothi," Askofu aliendelea, "ilianzia hapo. Hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Anayekataa kalamu kesho, hakatai serikali. Anamkataa aliyeiweka."

Ikafika zamu ya Nyamburi. Kimya.

Mwanzo watu walidhani anatafuta neno. Kikohozi kikapita. Turubai likapigwa na upepo. Yeye alikuwa amesimama, kipaza sauti kimegusa kidevu, na alichokihisi kilikuwa baridi, baridi ya mtu aliyetumbukia ziwani asubuhi ya mwezi wa saba. Mwanamume huyu alikunywa uji wake akiwa ndani. Mwanamume huyu.

"Mwalimu," Askofu alinong'ona bila kugeuza uso. "Endelea."

Akaendelea. "Askofu amesema hivyo," alisema kwa Kizanaki. "Mimi nimewageuzia kama alivyosema. Ila kitabu hakikuishia alipokifungia. Nabothi aliuawa. Walitafutwa watu wawili waovu wakamshuhudia uongo, akatolewa nje ya mji akapigwa mawe, na mfalme akateremka kulichukua shamba. Mungu akamtuma nabii Eliya amkute humohumo shambani, amwambie: umeua na umerithi. Na mahali mbwa waliporamba damu ya Nabothi, watairamba na ya kwako. Ndivyo kilivyoandikwa. Mwenye macho asome."

Viongozi kwenye viti vyeupe walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika, wakidhani Askofu bado anatafsiriwa. Lakini mmoja wao alikuwa Mzanaki. Alimwinamia mwenzake sikioni, na mwenzake akamtazama Gody. Kipaza sauti kikafa. Nyamburi alimalizia habari ya mbwa kwa koo lake tupu, sauti aliyokuwa akiitumia darasani kwa watoto tisini. Gody akainua mkono, kwaya ikasimama ikaimba wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba.

Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyetoka. Ibada ikafungwa kama ibada nyingine yoyote, kwa sala, na Askofu ndiye aliyesali.

Chakula kiliandaliwa nyumbani kwa mwinjilisti wa pale, mzee Faustine. Gody alimwambia Nyamburi kwamba Baba Askofu anamwita, peke yake. Alimkuta chumbani, joho limetundikwa msumarini, sahani ya kuku mbele yake haijaguswa. Nyamburi alikuwa amejiandaa kukemewa. Askofu alimwonesha kiti tu.

"Kaa, mwalimu."

"Nitasimama."

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nani alikuandikia yale?" Nyamburi aliuliza. Alikuwa na hofu, lakini alikuwa na tumaini pia, na tumaini ndilo lililokuwa likimuuma. "Niambie wamekushikia wapi. Kama wametishia usajili wa kanisa, niambie. Kama ni kiwanja, kama ni wewe mwenyewe wamekutisha, sema. Nitanyamaza. Nitakuombea, na uji nitakuletea tena."

Askofu alivua miwani akaifuta kwa shati. Bila miwani alifanana kidogo na yule kijana.

"Hakuna aliyeniandikia."

"Waliokuagiza basi."

"Hakuna aliyeniagiza, mwalimu. Walinialika tu. Walisema, Baba Askofu, njoo utuombee shughuli iende salama. Basi. Habari ya mahubiri hawakuitaja kabisa. Mimi mwenyewe nafikiri hawakuitegemea."

"Sasa Nabothi wa namna ile umemtoa wapi?"

Askofu aliisogeza sahani kando. Nje kulikuwa na mtu anakosha masufuria.

"Nilikaa nikajiuliza watapenda kusikia nini," alisema. "Ndivyo ninavyoandaaga siku hizi. Zamani nilikuwa najua kabisa ninapokata. Nilikuwa nasema, hapa nanyamaza kwa sababu ya hekima, nitarudi siku nyingine. Sasa hivi hata sijui. Nilipoisoma ile sura Alhamisi, naapa mbele za Mungu, niliona kweli kwamba Nabothi alikuwa na makosa. Nililala vizuri."

Nyamburi akakaa, si kwa kutii. Angemwambia wamemtisha, angejua la kufanya. Watu wa kutishwa alikuwa amewazoea. Alishawahi kuwabebea uji. Lakini huyu hakutishwa na mtu. Alikuwa ameifuata ile nguvu kidogo kidogo, kama kivuli kinavyomfuata mwenye kivuli, mpaka jicho lake la kusomea likageuka. Na alichokihubiri kilikuwa ile methali ya kijiweni, mwenye nguvu mpishe, kimevalishwa joho.

Halafu likaja lililo baya zaidi, na lilikuja taratibu. Alikumbuka Krismasi zote walizosimama pamoja. Kila mwaka walisoma wimbo wa Mariamu, na kila mwaka waliuruka mstari ule wakuu wanaposhushwa katika viti vyao. Alikuwa ameona. Alidhani ni kwa ajili ya muda. Alikumbuka kwamba nabii Amosi, aliyewakemea wanaowanyonya maskini, hawajawahi kumfungua hata mara moja. Alikumbuka kwamba mahali Askofu aliposema "dhuluma", yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameanza kutumia neno laini la Kizanaki, lile la mtoto aliyechukua kisichokuwa chake. Kwa miaka mingapi? Wazee wale walimwita Baba Askofu kwa utani, naye alikuwa akicheka.

"Utarudi na gari?" Askofu aliuliza kwa upole.

"Nitabaki kwa ndugu yangu."

Keraryo alimpokea bila maneno mengi. Mkewe akaweka ugali na samaki furu wa kukausha. Walikula, kisha Keraryo akanawa na kusema, "Tulikusikia dada. Na yeye tulimsikia."

"Mimi ndiye niliyewaita. Nisamehe."

"Sasa tumfuate yupi?"

"Mfuate aliyeandikwa. Wewe unajua kusoma, Keraryo."

"Najua. Nimesoma tuliporudi, nimeona umesema kweli." Alitazama upande wa kaburi. "Lakini yule amewekewa mikono. Amesema nikikataa nimemkataa Mungu. Nikikataa, mtoto wangu akaumwa mwezi ujao, nitasema ni malaria ama ni Mungu? Nitakaa na hilo swali maisha yangu yote. Wewe ungekaa nalo?"

Nyamburi akamsaidia wifi yake kukusanya vyombo.

Jumatatu walipanga mstari ofisi ya kijiji. Nyamburi alisimama ng'ambo ya barabara akimwona mdogo wake, mgomaji wa kwanza, akisogea hatua kwa hatua hadi mezani. Alisaini. Aliporudi alimpita dada yake akaenda moja kwa moja nyumbani, akachukua jembe, akaanza kupalilia kaburi la mama yao ambalo halikuwa na jani hata moja.

Wengi walisaini. Kaya kumi na nne zilikataa, na ya kwanza ilikuwa ya Bibi Wankyo. Alipopewa fomu aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Afisa akamwambia, "Bibi, hiyo ni ya kusaini." Akamjibu kwa Kizanaki kwamba amesikia habari ya mbwa, na kwa umri wake hana haraka. Afisa aliomba mtu amtafsirie. Watu waliokuwa pale walitazamana, kila mmoja akasema hakusikia vizuri.

Zile kaya kumi na nne bado ziko pale. Hakuna aliyewarudia kuwaambia lolote, na hilo nalo lina hofu yake.

Barua ilimfikia Nyamburi Nyasho baada ya siku tisa, imesainiwa na Gody kwa niaba ya Askofu. Ilimshukuru kwa utumishi na kumjulisha kwamba amepumzishwa. Hakuikatia rufaa. Jumapili aliendelea kwenda kanisani, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na waliokuwa wakimkimbilia kumsalimia sasa walimsalimia kwa mbali, kama mtu mwenye mafua.

Wiki ya tano alichelewa, akakuta ibada imekolea, akapita uani ili aingie kwa mlango wa pembeni. Pale uani ndipo watoto wa Sunday school hufundishwa, kwenye banda la mabati. Walikuwa kama arobaini. Mwalimu wao, Sara, binti mpole anayesomea ualimu, alikuwa ameshika kijitabu kipya chenye nembo ya kanisa.

"Nabothi alikosa nini?" Sara aliuliza.

"Alikuwa mkaidi," watoto wakajibu kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimba ambayo Nyamburi aliifahamu kuliko sauti zote duniani. Ndiyo sauti aliyokuwa akiwafundishia jedwali la kuzidisha. Kinachoingia kwa sauti hiyo hakitoki.

"Na mfalme alitaka kumpa nini?"

"Shamba lililo zuri."

Nyamburi alishika nguzo ya banda. Kile alichoambiwa Nyamigeru kwamba hakikuagizwa na mtu, sasa kilikuwa kimechapwa, kina namba ya somo na maswali ya marudio, kinasomwa na watoto waliozaliwa juzi. Alipekua kile kijitabu mkononi kwa Sara. Sura iliishia pale Askofu alipofungia kitabu.

"Nani ameandika hiki?"

"Sijui, mama. Tumeletewa," Sara alisema. "Sharika zote zimeletewa, hadi Bunda, hadi Kiriba." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nyumbani nilisoma yote. Nikaona haviendani. Nikadhani mimi ndiye sijaelewa."

Nyamburi alimtazama. Ndani ya kanisa walikuwa wakiimba.

"Una Biblia hapo?"

Sara alisita, akageuka kutazama mlango wa kanisa, kisha akaitoa kwenye mkoba. Nyamburi akaketi kwenye benchi fupi la watoto, magoti yakimfikia kifuani. Akamchagua msichana mmoja mwenye sauti kubwa, akamfungulia sura, akaweka kidole chini ya mstari wa nne, pale kijitabu kilipoachia.

"Anzia hapa," alimwambia. "Soma polepole. Usiruke kitu."

Msichana akaanza kusoma, akijikwaa kwenye majina. Alipofika kwa wale mashahidi wawili, watoto waliokuwa wakisukumana nyuma walinyamaza. Alipofika kwenye mawe, mmoja aliuliza kwa nini, mbona alikuwa amekataa tu. Sara alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mgongo kwao, akiangalia kama kuna anayekuja.

"Endelea," Nyamburi alisema.